Hatua za kujifunza Kiingereza: Kwa nini mtoto wa Nyakisasa hukwama kidato cha kwanza

MTOTO anayekulia katika Kata ya Nyakisasa, wilayani Ngara, mkoani Kagera, kwa kawaida huanza kusema kwa Kishubi, lugha iliyo jirani na Kihangaza, Kiha na Kirundi. Kiswahili hukisikia sokoni na redioni, kisha hukikuta shuleni kikiwa lugha ya masomo yote. Kiingereza huja baada ya hapo, nacho humfikia ndani ya kuta za darasa tu, kwa kipindi kimoja cha siku.

Kwa mtoto huyo, basi, Kiingereza ni lugha ya tatu. Akifika kidato cha kwanza hutakiwa kujifunzia kwa lugha hiyo fizikia, historia na jiografia. Je, anakuwa amefika hatua gani?

Wataalamu wa ujifunzaji wa lugha, wakiwamo Stephen Krashen na Tracy Terrell walioandika juu ya jambo hili mwaka 1983, wanaeleza kuwa mwanafunzi wa lugha ngeni hupita katika hatua zinazofuatana. Kasi hutofautiana kati ya mtoto na mtoto, lakini mfuatano wenyewe haubadiliki sana.

Hatua ya kwanza ni ya ukimya. Mtoto husikiliza, hutazama midomo na mikono ya mwalimu, huonyesha kitu anapoulizwa, lakini hasemi. Anakusanya sauti na maana. Mwalimu asiyeijua hatua hii humdhania mtoto kuwa mzito wa kuelewa, na pengine humwadhibu kwa kunyamaza.

Hufuata hatua ya neno mojamoja na vifungu vilivyokaririwa. Hapa ndipo lilipo lile kundi la watoto wanaomsalimu mgeni barabarani kwa “Good morning, teacher!” ilhali jua limekwisha kuelekea kuzama. Watoto hao hawana kosa. Wamekishika kifungu kizima kama wimbo, wala hawajatambua bado kwamba ndani yake mna neno lenye maana ya asubuhi. Kuitikia kwa pamoja darasani ni vivyo hivyo. Sauti hamsini zikitamka sentensi moja bila kukosea, mwalimu hana njia ya kujua ni wangapi wameielewa.

Katika hatua ya tatu mtoto huanza kuunda sentensi zake mwenyewe, na makosa huongezeka. Husema “my mother he is sick”, kwa kuwa katika Kiswahili, kama katika lugha nyingine za Kibantu, kiwakilishi “yeye” hakibagui mume na mke. Huacha vile vineno vidogo vinavyotangulia nomino za Kiingereza, maana lugha zake mbili za awali hazina kitu cha namna hiyo. Huchanganya pia sauti za “l” na “r”, jambo la kawaida kwa wasemaji wa lugha kadhaa za ukanda wa Maziwa Makuu. Makosa haya ni dalili njema, kwani mtoto ameacha kukariri na sasa anatafuta kanuni. Kumcheka wakati huu ni kumrudisha kwenye ukimya, safari hii akiwa na hofu.

Hatua ya nne ni ya mazungumzo: anauliza, anajibu, anasimulia yaliyompata. Wazazi wengi, hasa wa mijini wanaolipa ada za shule za mchepuo wa Kiingereza, huona hapa kuwa kazi imekwisha.

Haijaisha. Mwaka 1979 Jim Cummins, mtaalamu wa lugha nchini Kanada, alitofautisha Kiingereza cha mazungumzo na Kiingereza cha kujifunzia masomo. Uchambuzi wake wa takwimu za watoto wahamiaji mjini Toronto, aliouchapisha mwaka 1981, ulionyesha kuwa cha kwanza hupatikana kwa takriban miaka miwili, lakini cha pili huhitaji miaka mitano hadi saba. Hao ni watoto waliokuwa wakisikia Kiingereza darasani, uwanjani, dukani na kwenye televisheni. Wa Nyakisasa hana hayo. Tukichukua darasa la wanafunzi 80 na kipindi cha dakika 40, hata mwalimu akinyamaza kabisa, kila mtoto atapata nusu dakika ya kusema.

Tofauti ya Kiingereza hivi viwili huonekana vizuri katika sayansi. Mhitimu wa darasa la saba anajua usanisinuru ni nini, na anaweza kueleza kwa Kiswahili kwa nini mmea uliofunikwa hunyauka. Kidato cha kwanza hukutana na “photosynthesis”, na swali linamwamuru “explain”. Maarifa anayo kichwani. Akishindwa kujibu, mtihani huhesabu kuwa hajui sayansi.

Mtihani wa kumaliza elimu ya msingi hausaidii sana kuibua tatizo hili. Maswali yake mengi ni ya kuchagua jibu, na mtoto aliyeko hatua ya pili anaweza kulitambua jibu sahihi la Kiingereza bila kuweza kuandika aya moja.

Tatizo si geni. Mwaka 1982 tume ya rais iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza Kiswahili kitumike kufundishia sekondari. Serikali haikulikubali pendekezo hilo. Mwaka 1984 Clive Criper na Bill Dodd, waliopima Kiingereza katika shule zetu, waliripoti kuwa ni takriban asilimia 10 tu ya wanafunzi wa kidato cha nne waliokuwa na kiwango ambacho mtu angetarajia masomo kwa Kiingereza yaanzie. Yaani walikuwa wakimalizia pale walipopaswa kuanzia. Tathmini ya Uwezo ya mwaka 2010 nayo ilikuta karibu nusu ya wahitimu wa darasa la saba hawawezi kusoma hadithi ya Kiingereza ya kiwango cha darasa la pili.

Majirani wa Ngara nao wamehangaika. Ng'ambo ya daraja la Rusumo, Rwanda iliamua mwaka 2008 kufundisha kwa Kiingereza. Mwaka 2011 iliwarudishia watoto wa miaka mitatu ya kwanza Kinyarwanda, kisha mwaka 2019 ikatangaza Kiingereza tena tangu darasa la kwanza.

Hapa nchini, mtaala ulioanza kutumika mwaka 2024 umelirejesha somo la Kiingereza hadi darasa la kwanza, baada ya miaka kadhaa ambapo lilianzia darasa la tatu. Hata hivyo, elimu ya msingi imepunguzwa kutoka miaka saba hadi sita. Aliyesoma Kiingereza tangu darasa la tatu hadi la saba alipata miaka mitano. Wa sasa atapata sita. Faida ni mwaka mmoja, na lugha ya kufundishia sekondari imebaki Kiingereza.

Kidato cha kwanza huanza na kozi ya wiki kadhaa ya kuwaandaa wanafunzi kwa lugha hiyo. Kozi hiyo inafaa, lakini kwa mtoto wa hatua ya pili wiki hizo hutosha kumfundisha majina ya masomo na vifaa vya maabara, si zaidi.

Mwalimu wa sekondari anaweza kupima hatua ya mwanafunzi kwa njia rahisi siku ya kwanza: amwombe aandike sentensi tano kueleza namna ugali unavyopikwa nyumbani kwao, kwanza kwa Kiswahili, kisha kwa Kiingereza. Karatasi ya kwanza itamwonyesha mtoto anajua kupanga mawazo kiasi gani. Ya pili itamwonyesha ni kiasi gani cha mawazo hayo kitapotea kila siku anapoandika kwa Kiingereza.