Mafundi Watatu Wanaojulikana Dunia Nzima, Ila Majina Hakuna!

Wadau wangu, leo tunawapumzisha mastaa kidogo, tuongelee mafundi wa sakafu za mbao. Usikimbie, soma kwanza.

Juzi nilikuwa kwa mjomba. Mjomba ni fundi mbao, na siku hizi kazi yake kubwa ni kurudishia uhai sakafu za mninga kwenye majumba ya watu wenye nazo. Akanionyesha kwenye simu sakafu moja aliyopigia magoti siku tisa. Mwenye nyumba kaiposti, kamtaja aliyeshona mapazia, kataja mpaka duka la makochi. Like kama zote. Mjomba? Hayupo kabisa.

Hapo hapo nikakumbuka picha moja ya kuchorwa ya mwaka 1875.

Aliyeichora anaitwa Gustave Caillebotte, Mfaransa, mtoto wa tajiri, wakati huo ana miaka 26. Ndani ya picha wapo mafundi watatu, vifua wazi, wamepiga magoti kwenye chumba kitupu pale Paris wanakwangua sakafu kwa mikono. Maranda yamejikunja kila mahali. Wawili ni kama wanapiga stori huku kazi inaendelea. Pembeni ipo chupa ya mvinyo na glasi.

Jamaa akaipeleka Salon, maonyesho makubwa kuliko yote ya sanaa pale Paris. Majaji wakaipiga chini! Mkulima shambani alikuwa anachorwa sana tu, lakini kibarua wa mjini anayetokwa jasho ndani ya nyumba ya bosi, hiyo ilikuwa ngeni. Mwaka 1876 akaionyesha pamoja na kina Monet, Renoir na Degas, na bado wapo waliosema haina hadhi.

Sasa, kwa nini wakwangue? Mjomba alinielewesha vizuri. Mbao ikibonyea, labda umeangusha sufuria au mdada kapita na mchuchumio, nyuzi zake zimelala tu, hazijakatika. Unaondoa vanishi pale, unaweka kitambaa kibichi, unapitisha pasi ya moto. Mvuke unaingia, nyuzi zinavimba, shimo linapanda lenyewe. Usiache pasi imekaa sehemu moja, utaunguza.

Mkwaruzo ni kesi nyingine. Pale nyuzi zimekatika, na mvuke hauungi kilichokatika. Mkwaruzo mdogo unaziba kwa nta ya rangi ya mbao. Ukiwa mkubwa hakuna ujanja, lazima ushushe sakafu nzima ilingane nao, halafu upake upya. Leo mjomba ana mashine ya msasa ya umeme, ila kwenye kona na chini ya ngazi mashine haifiki, anarudi kwenye magoti. Wale watatu wa Paris chumba kizima kilikuwa hivyo, kuanzia mlangoni mpaka dirishani.

Leo picha yao ipo kwenye jumba la makumbusho la Orsay, hapo hapo Paris, na watu wanatoka kila kona ya dunia kwenda kuiangalia. Jina la mchoraji lipo chini pembeni, kaliandika mwenyewe. Majina ya wale watatu hayapo. Migongo yao tunaijua, mikono yao tunaijua, basi.

Nikamuuliza mjomba kama ile posti ilimuuma. Akasema, "Anko, sifa sina shida nazo. Ila jirani yake akiipenda ile sakafu, mimi atanipata wapi?"

Nilikosa jibu. Kumbe jina ndiyo mteja wa kesho, ndiyo ada ya watoto.

Kwa hiyo mdau, ukiposti nyumba yako mpya, mtaje na fundi. Haikugharimu hata bando la ziada.

Haya, uwanja ni wako: fundi gani amewahi kukufanyia kazi ya maana na hujawahi kumtaja? Mtaje hapo chini.