Bustani ya nyumbani pwani ya Mtwara

Bustani ya nyumbani ni sehemu ndogo ya ua, kibaraza au ukingo wa nyumba inayotumika kuotesha mboga, viungo, maua na miti ya matunda kwa chakula cha familia na kwa burudani. Katika pwani ya Mtwara, kutoka kata ya Ufukoni na mji wa Mikindani katika Manispaa ya Mtwara-Mikindani hadi Msimbati na maingilio ya mto Ruvuma mpakani na Msumbiji, bustani ya namna hii hukabiliana na mambo matatu: mchanga usioshika maji, chumvi na kiangazi kirefu. Kwa sababu hiyo kupanda katika vyombo vilivyojazwa udongo ulioandaliwa mara nyingi hufaa kuliko kupanda moja kwa moja ardhini.

Mazingira

Mtwara hupata msimu mmoja wa mvua kwa mwaka, kwa kawaida kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei. Miezi inayobaki ni mikavu, na mboga za majani huwa adimu. Hapo ndipo faida kubwa ya bustani ya nyumbani inapoonekana, kwa kuwa maji yaliyooshea mchele au mboga yanaweza kuhifadhi magunia mawili ya mchicha na matembele mpaka mvua zirudi.

Udongo wa karibu na ufuko hupitisha maji upesi, nayo maji huondoka na virutubisho. Hivyo mbolea inayowekwa kidogo kidogo mara kwa mara hufaa kuliko ile inayowekwa nyingi kwa mara moja. Samadi iliyooza na mboji ya majani, maganda na majivu kidogo huusaidia mchanga kushika unyevu.

Visima vilivyo karibu na bahari mara nyingi hutoa maji ya chumvichumvi, hasa mwishoni mwa kiangazi. Dalili za chumvi ni ncha za majani kuungua na ukoko mweupe juu ya udongo. Maharage huathirika mapema, mchicha huvumilia zaidi, na mnazi huvumilia kuliko yote miwili. Chombo kilichojaa chumvi husafishwa kwa kumwagiwa maji baridi mengi mpaka yatoke chini kwa muda. Maji ya mvua yaliyokingwa kutoka kwenye bati ni bora yatunzwe kwa ajili ya miche michanga.

Vyombo vya kupandia

Ndoo zilizopasuka, madumu yaliyokatwa, makarai mabovu, vyungu na matairi hutumika, mradi chini yake pawe na matundu ya kutolea maji. Vifuu vya nazi vinafaa kwa miche na maua madogo. Makumbi yakitandazwa chini ya udongo hushika maji kama sifongo. Hata hivyo, makumbi yaliyolowekwa baharini kwa ajili ya kusokota kamba hubaki na chumvi, na hupaswa kuoshwa au kuachwa yanyeshewe mvua kwanza. Mchanga wa ufukweni pia haufai kujazia vyombo.

Bustani ya gunia hutengenezwa hivi:
1. Udongo huchanganywa na samadi iliyooza, kwa kadiri ya ndoo mbili za udongo kwa ndoo moja ya samadi.
2. Kopo kubwa lisilo na kitako husimamishwa katikati ya gunia na kujazwa kokoto.
3. Udongo hujazwa kulizunguka. Kopo huvutwa juu na kujazwa kokoto tena, mpaka gunia lijae na kubaki na nguzo ya kokoto katikati.
4. Matundu hutobolewa ubavuni mwa gunia na miche hupandikizwa humo na juu.

Maji humwagwa kwenye kokoto, nayo husambaa hadi chini badala ya kuishia juu. Kwa mche mmoja mmoja, chupa ya plastiki yenye tundu dogo kwenye kifuniko hufukiwa kichwa chini karibu na mizizi na kudondosha maji taratibu. Kivuli cha makuti hupunguza jua la mchana na upepo wa kusi.

Mimea inayofaa

* Mchicha: huwa tayari kwa takriban wiki 3 hadi 5. Ukikatwa juu ya vifundo vya chini huchipua tena.
* Matembele: hupandwa kwa marando ya viazi vitamu yenye urefu wa sentimita 20 hadi 30.
* Mlonge (Moringa oleifera): hustahimili ukame, na huoteshwa kwa mbegu au kwa tawi nene. Ukipunguzwa kimo mara kwa mara hutoa majani mengi yanayofikika kwa mkono.
* Mbaazi: hufanya ua wa kukinga upepo na kurutubisha udongo.
* Mpapai: mbegu 3 hupandwa shimo moja. Mimea ikitoa maua, ile ya kiume hung'olewa, na unabakizwa mmoja unaozaa.
* Mchaichai: hupandwa kwa kugawa shina lenye mizizi.
* Mrehani na asmini: huoteshwa kwa vipande vya matawi. Asmini huchumwa jioni, vikonyo vikiwa karibu kufunguka, na hutungwa kuwa vikuba.

Shughuli za watoto

Mbegu za kunde zikiwekwa kati ya pamba yenye unyevu na ukuta wa gilasi huota ndani ya siku chache. Gilasi ikilazwa ubavu, baada ya siku moja au mbili mzizi hupinda kuelekea chini na chipukizi kuelekea juu. Mche ukifungiwa katika boksi lenye tundu moja hukua kuelekea mwanga.

Korosho ghafi za mbegu hupimwa kwa maji. Zinazozama kwa kawaida ndizo huota vizuri, na zinazoelea huwekwa kando. Korosho hupandwa upande uliokuwa umeshikana na bibo ukitazama juu. Kwa kuwa mkorosho huchukia kusumbuliwa mzizi mkuu, huoteshwa mahali pa kudumu au katika kiriba kinachochanwa wakati wa kupandikiza.

Jina la mtoto likichorwa kwa mwiba juu juu kwenye boga au kibuyu kichanga, kovu hukua pamoja na tunda na maandishi hupanuka. Kichwa cha nanasi nacho hutoa mizizi kikipandwa, ingawa tunda huweza kuchukua mwaka mmoja na nusu au zaidi.

Mapambo

Kingo za bustani hupambwa kwa mawe, vifuu na chupa zilizofukiwa nusu. Sehemu ya pwani hii imo katika Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000. Matumbawe na makombe hayapaswi kuchukuliwa humo kwa ajili ya mapambo, kwani makombe matupu pia huwa makazi ya kaa.

Tahadhari

Makopo na mifuko iliyobeba viuatilifu vya mikorosho haifai kupandia chakula hata ikioshwa. Ganda la korosho ghafi lina mafuta yanayounguza ngozi, hivyo watoto hawapaswi kulibanja wala kuling'ata. Mbegu za mnyonyo, mmea unaoota wenyewe kwenye majalala, ni sumu kali. Kisamvu hutwangwa na kuchemshwa vizuri, kwa kuwa majani mabichi ya muhogo yana sumu ya sianidi.

Maji yanayotuama kwenye matairi, visahani na vifuu huzalisha mbu wa Aedes wanaoeneza homa ya dengue, ugonjwa uliolipuka nchini Tanzania mwaka 2014 na 2019. Visahani vya vyungu humwagwa maji walau mara moja kwa wiki, matairi yasiyotumika hutobolewa, na mapipa ya maji ya mvua hufunikwa.

Tazama pia

* Mboji
* Mlonge
* Mkorosho
* Mikindani
* Ruvuma (mto)