Wajibu na Kazi Isiyotazama Malipo: Gita katika Kalamu ya al-Biruni

Wengi wetu huizungumzia dini ya wenzetu kwa yale tuliyoyasikia barazani. Abu Rayhan al-Biruni hakuwa hivyo. Alizaliwa Khwarazm mwaka 362 Hijria (973 Miladia). Sultani Mahmud wa Ghazna alipoiteka nchi hiyo mwaka 408 H (1017), al-Biruni alichukuliwa hadi Ghazna, na kutokea huko akapata njia ya kuijua India. Alijifunza Kisanskriti, akawauliza wasomi wa Kihindu, na mnamo mwaka 421 H (1030) akakamilisha kitabu chake mashuhuri juu ya nchi hiyo. Mwanzoni alijiwekea sharti: kuyanakili maneno ya Wahindu kama wayasemavyo wenyewe, wala si kuwajibu.

Miongoni mwa alivyovinukuu ni Gita, sehemu ya utenzi mkubwa wa Mahabharata. Majeshi mawili ya jamaa yamekutana Kurukshetra. Arjuna anawaona upande wa pili walimu na ndugu zake, anaishiwa nguvu, na anakataa kupigana. Krishna, anayemwendeshea gari la vita, anamfundisha kwamba lililo juu yake ni kuutimiza wajibu wake. Ama matokeo, asiyafanye kuwa sababu ya kutenda, wala asiyafanye kisingizio cha kukaa bure. Wahindu huiita nishkama karma, yaani kazi isiyo na tamaa.

Msomaji wa fiqhi atakumbuka mara moja hadithi ya niya, ambayo Imamu Bukhari aliifungulia Sahihi yake, pamoja na makemeo juu ya ria. Hata hivyo tusichanganye mambo. Ikhlasi kwetu ni kumkusudia Mwenyezi Mungu peke yake, na kutaraji thawabu Zake hakuiharibu amali. Katika Gita, tamaa ya tunda lolote, hata la peponi, ni kifungo kinachoirudisha nafsi katika mzunguko wa kuzaliwa upya.

Linabaki swali zito zaidi: wajibu upi, na nani aliyeupanga? Katika Gita kila mtu ana wajibu wa tabaka lake, na matabaka ni manne. Al-Biruni aliyaeleza, kisha akasema wazi kwamba sisi Waislamu tunawaona watu wote kuwa sawa isipokuwa kwa taqwa, na kwamba hiki ndicho kizuizi kikubwa baina yetu na wao. Lakini kwa uadilifu wake hakuficha kwamba Wahindu wenyewe walihitilafiana: wako waliosema uokovu ni wa matabaka ya juu tu, na wako wanafalsafa waliosema ni wa wanadamu wote, madhali niya imetimia.

Hitilafu hiyo haikuisha. Tilak, akiwa mfungwa wa Waingereza huko Mandalay, aliandika sherehe ya Gita iliyotoka mwaka 1915, akiifanya wito wa kutenda. Gandhi naye aliisoma kama fundisho la kujizuia na dhulma na mabavu. Ama Ambedkar, aliyezaliwa miongoni mwa waliotengwa, aliona kwamba wajibu wa kuzaliwa nao ni mnyororo. Mwaka 1956 akauacha Uhindu na kuingia dini ya Budha pamoja na maelfu ya wafuasi wake.

Hapa ndipo penye funzo. Kuacha kutazama matunda ni sifa njema kwa anayejichagulia. Lakini akiamrishwa mnyonge na yule anayeyala matunda hayo, huwa ni dhulma. Nasi tujitazame. Mara ngapi mwalimu wa madrasa huambiwa afundishe fisabilillahi, na anayemwambia hakosi mshahara wake? Wanavyuoni wa Kihanafi wa zama za baadaye waliruhusu ujira wa kufundisha Qur'ani, kwa kuchelea elimu isipotee. Ikhlasi ni amana ya mtendaji, na ujira ni haki iliyo juu ya anayemtumikisha. Moja haliliondoi jingine.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.