Roketi za Ngomeni zilizobadili historia ya galaksi

Mwanafunzi wa falaki wa leo hujifunza mapema kwamba katika kundi kubwa la galaksi, nyota ni sehemu ndogo tu. Jumlisha nyota zote za galaksi zote zilizomo, na bado mizani itaelemea upande wa gesi iliyotanda katikati yao: gesi nyembamba mno, yenye joto la makumi ya mamilioni ya nyuzi, isiyoonekana kwa darubini ya kawaida. Jambo lisilotajwa mara nyingi ni kwamba setilaiti mbili zilizofichua habari hiyo ziliondokea pwani ya Kenya, kwenye jukwaa la chuma lililosimikwa baharini mbele ya Ngomeni, kijiji cha wavuvi na mashamba ya chumvi kaskazini ya Malindi.

Profesa aliyeitafuta ikweta

Aliyelileta jukwaa hilo ni Luigi Broglio, ofisa wa jeshi la anga la Italia na profesa wa uhandisi wa anga katika Chuo Kikuu cha Roma. Mwaka 1962 Italia na Marekani zilikubaliana: Marekani ingetoa roketi aina ya Scout na kuwafundisha Waitalia kuzirusha, nao Waitalia wangejenga kituo na kuunda setilaiti zao. Broglio aliitaka ikweta, na sababu alikuwa nazo.

Dunia hujizungusha kuelekea mashariki, na kwenye ikweta mzunguko huo una kasi ya kilomita 1,670 kwa saa. Roketi ikirushwa kuelekea mashariki kutoka hapo huipata kasi hiyo bure. Scout ilikuwa roketi ndogo ya hatua nne, kwa hiyo msaada huo haukuwa wa kudharauliwa. Ngomeni iko digrii tatu hivi kusini ya ikweta, na mashariki yake ni Bahari ya Hindi, hivyo vipande vya roketi vikidondoka huishia majini bila kumdhuru mtu. Wanafalaki walikuwa na faida yao ya ziada. Setilaiti inayozunguka juu ya ikweta hukwepa sehemu kubwa ya eneo la Atlantiki ya Kusini ambako chembe za mionzi zinazoizingira dunia hushuka chini na kuvuruga vipimo.

Jukwaa la kurushia liliitwa San Marco, na jirani yake kukawa na jingine la kuongozea, Santa Rita. Tarehe 26 Aprili 1967 setilaiti ya kwanza, San Marco 2, ilirushwa kutoka hapo na wahandisi wa Kiitaliano.

Siku ya Jamhuri, 1970

Wakati huo Mwitalia mwingine, Riccardo Giacconi, alikuwa Marekani akihangaika na eksirei zinazotoka angani. Hewa ya dunia huzizuia zote. Anayetaka kuziona sharti apande juu ya hewa. Juni 1962, kwa msukumo wa Profesa Bruno Rossi wa chuo cha MIT, Giacconi na wenzake walirusha roketi huko New Mexico. Ilikaa juu ya hewa kwa dakika tano hivi kabla ya kurudi chini. Dakika hizo zilitosha kugundua chanzo kikali cha eksirei upande wa kundi-nyota la Nge, chanzo ambacho hakuna aliyekitarajia.

Kwa miaka minane iliyofuata utafiti huo uliendelea kwa vipande hivyohivyo vya dakika tano, mpaka vikajulikana vyanzo thelathini na kitu. Giacconi alitaka chombo kitakachokaa angani na kuipekua mbingu yote pole pole.

Alikipata tarehe 12 Desemba 1970. Baada ya kucheleweshwa kwa saa kadhaa, roketi iliruka kutoka San Marco muda mfupi kabla ya saa nane mchana, Kenya ikiadhimisha miaka saba tangu kupata uhuru. Msimamizi wa mradi huo katika shirika la NASA, Marjorie Townsend, mwanamke wa kwanza kuongoza mradi wa setilaiti wa Marekani, aliipa setilaiti hiyo jina la Uhuru kwa heshima ya wenyeji wake.

Uhuru ilikuwa na uzito wa kilo 140 hivi. Ilijizungusha mara moja kila dakika 12, ikiwa na vipokezi viwili vilivyopeana migongo, na kila kimoja kikichungulia anga kupitia vijia vyembamba vya chuma. Kipokezi kimojawapo kiliona ukanda wa nusu digrii tu kwa upana, sawa na upana wa mwezi mpevu tunavyouona kutoka ardhini. Ukanda huo ulipopita juu ya nyota moja, hesabu ya eksirei ilipanda ghafla na kushuka ghafla, na mchoro wake kwenye karatasi ukawa na ncha kali ya umbo linalojulikana.

Ulipopita juu ya kundi la galaksi la Coma, mchoro ulikuwa mwingine. Hesabu ilianza kupanda mapema, ikafika kilele butu, kisha ikachelewa kushuka. Hali ikawa hiyohiyo kwa makundi ya Perseus na Virgo. Maana yake ni kwamba eksirei hazikuwa zikitoka kwenye galaksi moja au mbili za kundi hilo. Zilitoka kila mahali, hata katika nafasi iliyodhaniwa kuwa tupu kati ya galaksi na galaksi.

Ubishi ulioamuliwa na chuma

Kilichokuwa kinang'aa humo ni nini? Wengine walisema ni elektroni zenye kasi kubwa zinazogongana na mwanga na kuupa nguvu hadi ukawa eksirei. Wengine walisema ni gesi, ya moto kupita kiasi. Kwa miaka michache kila upande ulikuwa na hoja zake.

Jibu nalo likatoka Ngomeni. Tarehe 15 Oktoba 1974 ilirushwa kutoka San Marco setilaiti ya Uingereza, Ariel 5, ikiwa na vifaa vya vyuo vikuu, miongoni mwao Chuo Kikuu cha Leicester na maabara ya Mullard ya University College London. Watafiti wa Mullard waligawa eksirei za kundi la Perseus kwa kadiri ya nguvu zake, na mwaka 1976 wakatangaza kuwa wameona alama ya chuma: atomi za chuma zilizonyang'anywa karibu elektroni zake zote. Elektroni za kasi peke yake haziwezi kuacha alama hiyo. Gesi ya moto inaweza.

Alama hiyo ilibeba habari nzito zaidi. Mlipuko mkuu ulioanzisha ulimwengu ulitoa haidrojeni na heli, na punje ya elementi nyingine nyepesi. Chuma hutengenezwa na nyota. Kwa hiyo gesi iliyokuwa ikielea nje ya galaksi ilikuwa na kitu kilichopikwa ndani ya galaksi hizo. Nyota zilikuwa zimelipuka, na galaksi zikatapika sehemu ya mali yake nje.

Hapo nadharia ya kuumbika kwa galaksi ikabidi iandikwe kwa kuzingatia gesi iliyobaki. Mwaka 1978 Simon White na Martin Rees wa Chuo Kikuu cha Cambridge waliandika kwamba maada ya giza, ile isiyoonekana ambayo mwanafalaki Fritz Zwicky aliishuku tangu 1933 alipopima mwendo wa galaksi za Coma, ilijikusanya kwanza. Uvutano wake ukaivuta gesi. Iliyoweza kupoa ikazama katikati na kuwa nyota, na iliyobaki ikadumu na moto wake. Muhtasari huo ndio uti wa mgongo wa programu za kompyuta zinazoiga ukuaji wa galaksi hadi leo.

Mwaka 1993 White na wenzake watatu walirudi Coma na swali lingine: maada ya kawaida, gesi na nyota pamoja, ni sehemu gani ya uzito wote wa kundi? Ikaonekana ni nyingi kuliko ilivyoruhusiwa na nadharia iliyopendwa wakati ule, kwamba maada peke yake inatosha kuufikisha ulimwengu kwenye msongamano wa kusitisha upanukaji wake. Miaka mitano baadaye vipimo vya supanova, yaani nyota zinazolipuka, vilionyesha kuwa upanukaji huo unaongeza kasi, na hesabu ya Coma ikapata mwenzake.

Kilichobaki

Uhuru ilifanya kazi hadi Machi 1973, na orodha yake ya mwisho ilikuwa na vyanzo 339. Giacconi alipewa sehemu ya Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2002. San Marco ilirusha setilaiti tisa kwa jumla, ya mwisho mwezi Machi 1988, kisha roketi zikanyamaza. Kituo cha nchi kavu, ambacho sasa kina jina la Broglio, kinaendelea kuwasiliana na setilaiti.

Kwa miaka mingi viongozi wa Pwani na wabunge wamekuwa wakihoji Kenya ilinufaika na nini, na kwa upande wa sayansi swali hilo lina uzito. Makala za kitaalamu zilizotokana na Uhuru na Ariel 5 ziliandikwa Massachusetts, London na Leicester. Mabadiliko yamechelewa, ila yapo: tarehe 11 Mei 2018 setilaiti ndogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi, iliyoundwa kwa ushirikiano na chuo kilekile cha Roma, iliachiwa kutoka kituo cha kimataifa cha anga, ikiwa ya kwanza kwa Kenya.

Na utafiti wa galaksi hauhitaji tena jukwaa baharini. Orodha za vyanzo za Uhuru na Ariel 5 zimehifadhiwa kwenye hazina ya NASA, pamoja na data za darubini ya Chandra iliyorithi kazi ya Giacconi mwaka 1999, na zote ziko wazi bila malipo. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Pwani, Kilifi, kaunti ileile yenye Ngomeni, anaweza kulipakua kundi la Perseus jioni hii na kuanza kuitafuta alama ya chuma. Akipata mhadhiri wa kumwongoza na intaneti isiyokatika, anacho kila alichokuwa nacho mtafiti wa London mwaka 1976, na zaidi.