Kiwanda cha bia, boti, na pombe ya bibi

Najua nimepotea karibu miezi miwili, mtaniwia radhi. Si mnajua tena mambo ya BTP: usiku maandalio ya somo, asubuhi vipindi, na mtandao wa kuungaunga. Mimi nilipangiwa sekondari moja mkoani Geita, nikifundisha Historia kidato cha pili na cha tatu. Sasa nimerudi kampasi, chumba kile kile, kitanda cha juu kile kile, na kabla mitihani haijaanza kutunyonga nataka niwasimulie siku moja ambayo mpaka leo inanizunguka kichwani.

Wazo lilitoka kwa mshikaji wetu aliyekuwa fildi Shinyanga mjini. Akatuandikia: "Wanahistoria, kwa nini tusiende Mwanza siku moja? Asubuhi tutembelee kiwanda cha bia, mchana tupande boti tuzunguke ziwa. Viwanda na usafirishaji, mada mbili kwa nauli moja." Akatukumbusha na Jinja kule Uganda, ambako kiwanda cha Nile Breweries kiko Njeru, ng'ambo tu ya mto, na boti za kwenda chanzo cha Nile ziko jirani. Kama Jinja inawezekana, Mwanza inashindikana nini? Wote tukacheka, tukakubali. Mimi nilikubali kwa mdomo tu. Sababu mtaiona mbele.

Barua ikaandikwa, kiwanda kikajibu, tukapewa siku ya Ijumaa katika likizo fupi ya katikati ya muhula. Tulikuwa watano. Wawili walitoka Shinyanga kwa barabara ya Maganzo na Misungwi. Sisi watatu wa Geita tulipita Sengerema, tukavuka daraja la J.P. Magufuli kutoka Busisi hadi Kigongo. Tukakutana Usagara, pale barabara ya Geita inapoungana na ile ya Shinyanga, tukala chapati na chai, tukaingia mjini pamoja.

Sasa niwape historia kidogo, maana bila hiyo safari yetu ingekuwa matembezi tu.

Tukianza na ziwa. Wengi tunafikiri Mwanza imefunguliwa na reli. Ukweli ni kwamba reli ya kutoka Tabora, inayopita Shinyanga, ilifika Mwanza mwaka 1928. Kabla ya hapo njia kubwa ya kwenda Pwani ilikuwa maji. Reli ya Waingereza kutoka Mombasa iligusa ziwa mwaka 1901, pale panapoitwa leo Kisumu. Meli yao ya mvuke, William Mackinnon, ilikuwa imeletwa kutoka Uingereza vipande vipande, ikaungwa na kushushwa majini mwaka 1900. Zikafuata Winifred, Sybil na Clement Hill. Kwa hiyo ngozi na pamba ya Usukuma ilivuka ziwa hadi Kisumu, ikapanda treni hadi Mombasa. Na mzigo wa kurudi ulikuja kwa njia hiyo hiyo: vitambaa, majembe, mafuta ya taa, na pombe za chupa za wazungu.

Twende kwenye bia yenyewe. Mwaka 1922 Waingereza wachache walianzisha Kenya Breweries jijini Nairobi. Mwaka 1936 kampuni hiyo iliungana na Tanganyika Breweries ya Dar es Salaam, ikazaliwa East African Breweries. Angalieni miaka hiyo. Ni miaka ya 1930 ndipo uchimbaji mkubwa wa dhahabu ulipoanza Geita, mgodi uliofanya kazi mpaka 1966 ukafungwa, kisha ukafufuka karibu na mwaka 2000. Na mwaka 1940 Mkanada John Williamson akagundua almasi Mwadui, hapo hapo Shinyanga. Migodi ilileta mshahara. Na penye mshahara wa mwisho wa mwezi, nani asiyejua kinachofuata?

Lakini msidhani pombe ililetwa na meli wala na mshahara. Ilikuwepo. Usukumani pombe ya mtama na ya uwele ilikuwa sehemu ya kazi: mtu ana shamba kubwa, anaita majirani walime pamoja, jioni wanakunywa. Waliopika walikuwa wanawake. Pesa za migodi na za pamba zilipoingia, pombe hiyo ikawa biashara, na kwa wanawake wengi ilikuwa moja ya njia chache za kushika shilingi bila kumwomba mtu.

Serikali nazo, ya mkoloni na ya kwetu, hazikuiacha hivi hivi. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulikwishabana pombe kali zisiwafikie Waafrika. Baada ya Uhuru ikatungwa sheria ya mwaka 1966 ya kudhibiti utengenezaji wa gongo, ile inayoitwa pia moshi, kisha sheria ya vileo ya mwaka 1968 iliyoweka leseni na saa za kuuza. Viwanda vya bia vyenyewe viliguswa na Azimio la Arusha mwaka 1967, Serikali ikaingia umiliki, mpaka mwaka 1993 TBL ilipoingia ubia na wawekezaji wa Afrika Kusini. Yote haya yapo kwenye madesa yetu. Ambacho hakipo kwenye desa ni yule mama mwenye pipa.

Haya, turudi kiwandani.

Tulivalishwa makoti yanayong'aa na kofia ngumu, tukaambiwa simu mfukoni. Dada aliyetutembeza alijua kazi yake. Alituonyesha nafaka inavyosagwa, inavyochanganywa na maji ya moto, inavyochujwa, inavyochemshwa na maua ya hopsi yanayoleta ule uchungu, kisha inavyopozwa na kutiwa chachu kwenye matangi marefu kama minara ya simu. Harufu ya mle ndani ni ya uji. Mimi ile harufu nilipoingia tu nilisimama. Naijua.

Kisha akauliza: "Walimu, nani anaweza kuniambia kimea ni nini?"

Kimya. Mmoja akajaribu: "Ni aina ya shayiri?" Dada akatabasamu, akamgeukia mwingine. Mimi nilikuwa na jibu lote mdomoni. Kimea ni nafaka iliyolowekwa, ikaachwa iote, kisha ikakaushwa kabla mche haujawa mkubwa, ili ule wanga wake uwe tayari kugeuka sukari. Ukichelewa siku moja imeharibika, ukiwahi siku moja haijakolea. Haya sikuyasoma popote. Nimeyafanya kwa mikono yangu, nikigeuza mtama kwenye gunia lenye unyevu nyuma ya nyumba ya bibi, kijijini kwetu Shinyanga.

Sikujibu. Nilitazama viatu vyangu.

Ngoja niwaambie kwa nini. Bibi yangu anapika pombe ya mtama. Baba yangu alifuata dhahabu kwenye machimbo ya Geita tangu sijaanza shule, na hela za machimbo zinakuja siku zikitaka. Za bibi zilikuja kila wiki. Sare, daftari, michango, nauli ya kwenda bweni kidato cha tano na cha sita, vyote vilitoka kwenye pipa lile. Lakini nilipojaza fomu za mkopo wa chuo, pale penye kazi ya mlezi niliandika "mkulima". Sikudanganya kabisa, shamba analo. Ila nilijua ninachoficha. Watu wakisikia bibi anapika pombe wanadhani gongo, wanadhani polisi, wanadhani walevi wamelala uani. Pombe yake ni nyingine kabisa, haikeneshwi. Lakini utamweleza nani?

Mwisho wa ziara tulionjeshwa kidogo. Wenzangu wawili walionja, mlokole wetu akachukua soda, nami nikachukua soda ingawa mimi si mlokole. Pembeni nikaona lori linapakia machicha yanayopelekwa kwa wafugaji wa ng'ombe. Nikacheka peke yangu. Bibi naye machicha yake hayatupi, yanakula kuku.

Saa nane mchana tukawa kwenye boti ya kwenda Saanane. Kile kisiwa kilianzishwa kama bustani ya wanyama mwaka 1964, jina likatokana na mzee Saanane Chawandi aliyekuwa akiishi pale, na mwaka 2013 kikawa hifadhi ya taifa. Ni mwendo mfupi tu. Lakini upepo wa mchana ulikuwa umeamka na maji yalikuwa yanapiga ubavuni. Nahodha, mzee wa makamo, akatugawia maboya ya kuvaa, akakagua kamba moja moja. Kisha akasema: "Aliyeonja huko mlikotoka akae katikati. Ziwa halina utani."

Wenzangu wakacheka. Mimi nikashika ubao wa kiti kwa mikono miwili. Mshikaji wa Shinyanga akaniuliza, "Vipi mwalimu, unaogopa maji na umekulia Kanda ya Ziwa?"

Hapo ndipo nikasema. Sijui kwa nini pale na siyo kiwandani.

Nikawaambia babu yangu alikuwa mchuuzi wa ndizi. Ananunua Bukoba, anavusha kwa meli hadi Mwanza, anauza Shinyanga. Jumanne ya tarehe 21 Mei 1996 alikuwa ndani ya MV Bukoba. Meli ile ilitoka Bukoba, ikapitia Kemondo, ikiwa na watu wengi kuliko wanaoruhusiwa, ikazama asubuhi ikiwa imekaribia Mwanza. Waliokufa ni mamia. Wengi wamezikwa Igoma, na wengine hawakupatikana. Babu ni wa hao wengine. Baba alikuwa kidato cha kwanza na shangazi alikuwa mdogo. Kabla mwaka haujaisha bibi alikuwa amenunua pipa.

Kwa hiyo jamani, mshikaji alidhani amebuni kitu kipya kuunganisha bia na boti. Kwetu viliunganishwa mwaka 1996. Meli ilipozama ndipo pombe ilipoanza, na pombe ndiyo imenifikisha chuo.

Hakuna aliyesema kitu kwa muda. Mlokole wetu akasema taratibu, "Bibi yako ni shujaa." Yule aliyejaribu swali la kimea akanigeukia: "Kumbe ulijua jibu!" Tukacheka, na boti ikafika.

Tulipokuwa kwenye mawe ya Saanane tukiangalia meli upande wa mjini, tulizungumza kama darasa. Kwamba MV Victoria, iliyoanza safari mwaka 1961, nayo ilitengenezwa Uskochi ikaletwa vipande vipande kama nenda rudi ya William Mackinnon. Kwamba Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, hata meli ziligawanywa. Kwamba baada ya MV Bukoba bado tulipata MV Nyerere, tarehe 20 Septemba 2018, karibu na Ukara, wakafa zaidi ya watu 200. Na mmoja akakumbusha yale mashindano ya mitumbwi yaliyokuwa yakidhaminiwa na bia ya Balimi, fainali zikipigwa Mwaloni, Kirumba. Balimi kwa Kisukuma ni wakulima. Nikawaza: bia imechukua jina la mkulima, nami nimemficha mpika pombe ndani ya neno hilo hilo.

Wiki iliyofuata nilikwenda kumsalimia bibi. Nilitaka kwanza kuficha habari ya boti. Bibi tangu 1996 hajakanyaga chombo cha majini. Shangazi ameolewa Geita, na miaka yote bibi akienda kumwona alizunguka kwa Kahama, ilimradi asipande kivuko cha Busisi. Daraja lilipofunguliwa tarehe 19 Juni 2025, kilomita tatu juu ya maji, ndipo alipokubali kupita. Shangazi anasema alifumba macho mpaka ng'ambo.

"Mwangaluka bibi."

"Mwangaluka mjukuu wangu. Umekonda, shule hawawapi chakula?"

Nikamwambia yote, na boti pia. Alinyamaza, akaniuliza kama nilivaa boya. Nikasema nilivaa. Akatikisa kichwa. Nikamweleza kiwanda: mashine, matangi, chupa zinavyokimbia kwenye mkanda kama wanafunzi waliosikia kengele. Alisikiliza vizuri sana, vidole vyake vinapekua mtama kwenye ungo. Nilidhani atashangaa. Akaniuliza swali moja tu:

"Kimea chao wanakiotesha siku ngapi?"

Sikujua. Ndiyo hasara ya kutazama viatu wakati wenzako wanauliza maswali.

Kwa wanaotaka kwenda, ushauri wangu: andikeni barua mapema, na anzeni na boti asubuhi ziwa likiwa limetulia, kiwanda kifuate. Hata historia ilikwenda hivyo, meli kwanza chupa baadaye. Na mwaka huu fomu ya mkopo nikiulizwa kazi ya mlezi, nitaandika "mkulima na mpika pombe". Wakinikata bumu mtanichangia ugali.

Na nyie, ada zenu zilitoka wapi? Semeni ukweli. Tuonane baada ya mitihani, Mungu akipenda.