Upokezi wa Fantasia ya Mapenzi: Howl's Moving Castle, 1986–2006

Mnamo 1967, Hans Robert Jauss alishikilia kwamba historia ya fasihi haina budi kuzingatia wasomaji na upeo wa matarajio yao. Dai hilo linathibitishwa na riwaya ya Howl's Moving Castle ya Diana Wynne Jones, iliyochapishwa Uingereza mwaka 1986. Humo Sophie, msichana aliyegeuzwa ajuza kwa uchawi, anampenda Howl, mchawi mtanashati lakini mwoga na mwenye majivuno. Jones aliwahi kueleza kwamba wasomaji wasichana walitamani kuolewa na Howl. Itikio hilo si la kubezwa. Riwaya inazifichua kasoro za Howl kwa kicheko, naye Sophie anampenda akizijua; wasomaji hao walifuata mkondo huohuo. Taasisi zilichelewa: Tuzo ya Phoenix, ambayo hukienzi kitabu kilichotoka miaka 20 awali bila kupata tuzo kubwa, iliifikia riwaya hii mwaka 2006, baada ya filamu ya Hayao Miyazaki ya 2004. Hivyo basi, mhakiki anayepuuza hukumu ya vijana kwa kisingizio cha wepesi wa kicheko na mapenzi huiandika historia ya fasihi nusunusu.