Mwacha Mila ni Mtumwa? Lugha na Utamaduni wa Wasuba wa Sindo

Methali yasema mwacha mila ni mtumwa. Historia ya Sindo, ufukoni mwa Ziwa Viktoria, yatulazimu kuihoji kauli hiyo.

H. O. Ayot, katika kitabu chake cha 1979, anaeleza jinsi makundi ya Kibantu, mengi yakitokea upande wa Uganda, yalivyofanya makazi Rusinga, Mfangano, Gwassi na Kaksingri, yakajulikana kama Abasuba. Baadaye wakaoana na Wajaluo. Mama Mjaluo alimlea mwana kwa Kijaluo. Kanisa na shule navyo vikafunza kwa lugha hiyo hiyo. Kisuba kikarudi nyuma.

Je, Wasuba walikwisha? La hasha. Rottland na Okoth Okombo walionyesha mwaka 1986 kwamba umilisi wa Kisuba ulipungua huku utambulisho wa Wasuba ukikua. Kwa hiyo utamaduni si lugha peke yake. Ni pia nasaba inayokumbukwa na jina analorithishwa mtoto.

Hapa ndipo penye kosa la uhakiki wetu. Tumezoea kuainisha fasihi simulizi kwa lugha ya msimulizi. Masimulizi ya uhamiaji yakitolewa Sindo kwa Kijaluo, huhesabiwa kuwa ya Wajaluo, na historia ya Wasuba hupotea mikononi mwa mtafiti mwenyewe. Ibara ya 11 ya Katiba ya Kenya ya 2010 yautambua utamaduni kuwa msingi wa taifa. Basi mhakiki na aulize kwanza hadithi ni kumbukumbu ya nani, ndipo aulize imesimuliwa kwa lugha gani.